Akidi kwa Kofia ya Pama

Salome Dominiko alijua biashara kabla ya kujua kusoma. Mama yake, ambaye Manundu yote pale Korogwe inamwita Mama Salome, huuza viatu vya mtumba juu ya turubai la bluu. Tangu binti alipoanza kukaa mwenyewe alimketisha katikati ya viatu hivyo, akakua akisikiliza wanunuzi wanavyodanganya. Masomo yalikuwa mawili. La kwanza: mteja akikwambia "nitarudi," muage kwa adabu, halafu msahau. La pili ndilo kubwa: usimpe mteja viatu vyote viwili ajaribu. Mpe kimoja, kingine kaa nacho wewe. Hajazaliwa mtu wa kutoroka na kiatu kimoja.

Kwa elimu hiyo akaenda chuo kikuu kusomea utawala wa umma, akakuta wenzake wanaandika kurasa kumi juu ya jambo ambalo mama yake hulimaliza kwa kukunja mdomo.

Alipofika mwaka wa tatu likabandikwa tangazo ubaoni: Programu ya Vijana wa Utumishi. Wanachukua wanafunzi ishirini wa mwaka wa mwisho, wanawafunda wiki mbili jinsi ofisi ya umma inavyokwenda, mafaili, mihtasari, barua zenye kumbukumbu namba, kisha wanawamwaga vijijini kwa wiki kumi. Kila mmoja anapewa kazi moja tu. Ukiimaliza, unapata mwaka mzima wa kujifunza kazi ndani ya halmashauri, na mlango wa utumishi umeufungua. Usipoimaliza, unapewa cheti cha ushiriki.

"Hicho cheti cha ushiriki," Mama Salome aliuliza, "kinavaliwa mguu gani?"

Salome akaamua hatakichukua.

Akapangiwa Kwemtindi, kijiji cha Handeni chenye vitongoji vitatu, Bomani, Mabwawani na Mlimani, na kazi yake iliandikwa kwa mstari mmoja. Kulikuwa na mradi wa kisima kirefu, mtambo wa kuchimba ulikuwa tayari, kilichokosekana ni mkutano mkuu wa kijiji kupitisha mahali pa kuchimba. Mkutano huo haukuwa umefikisha akidi kwa zaidi ya mwaka. Akidi yenyewe ilikuwa watu mia mbili na sita, walio palepale wakati wa kupiga kura, si majina kwenye daftari. Salome awapate. Basi.

Mtendaji wa kijiji, Zamda, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, alimpokea kwenye ofisi yenye meza moja na benchi moja.

"Karibu sana, mdogo wangu. Watu wa hapa ni wazuri, wakarimu, wacha Mungu."

"Nimeona, dada Zamda. Nimesalimiwa njia nzima."

"Ila hawaji mkutanoni."

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Mzee Mustapha Mhina, Mzigua wa asili na fasili, na juu ya Mzee Mhina kulikuwa na kofia. Kofia ya pama, pana, ya kahawia, yenye utepe mweusi. Kwemtindi walikuwa wanaisoma kama wengine wanavyosoma mawingu. Ikiwa imesukumwa nyuma, nenda kaombe unachotaka. Ikiwa imeshuka mpaka kwenye nyusi, geuza njia, rudi ulikotoka. Aliitundika kwenye msumari nje ya mlango pale tu alipoingia ndani kuswali, na akitoka mkono ulikuwa unaifuata kofia kabla mguu haujafuata kiatu.

"Shikamoo mzee," Salome alimwamkia.

"Marahaba. Dominiko ni jina la kanisani hilo. Asili yenu wapi?"

"Babu yake baba alitoka Tabora, mzee, kuja kukata mkonge. Akaishia Mnyuzi, hakurudi tena."

Kofia ikasukumwa nyuma mpaka kisogoni. "Mnyamwezi! Zamda, njoo uone, nimeletewa mtani! Watu waliotembea kwa miguu toka Tabora kwa kudhani mkonge unaliwa!"

Salome alikuwa hajakaa vizuri kwenye benchi. Lakini mtoto wa turubai hanyamazi. "Tulikuja, mzee, kwa sababu tulisikia Wazigua wamelala, kazi zote zimebaki."

Zamda alicheka mpaka akashika meza. Tangu siku hiyo amani ikaisha na raha ikaanza. Kila asubuhi shikamoo na marahaba kwanza, kwa heshima zote, halafu matusi. Huo ndio utani wa Wanyamwezi na Wazigua. Mtani wako anakutukana, anakunyang'anya kitu mkononi mbele ya watu, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umejiaibisha. Unachoweza ni kukomboa mali yako kwa fidia anayoitaja yeye, au kumvizia na wewe umnyang'anye.

Kazi ilianza vibaya. Salome alipita nyumba kwa nyumba kutangaza mkutano, Jumatano saa nne, na kila mlango ukamjibu, "Tutakuja." Angekumbuka somo la kwanza la mama yake angestuka hapo hapo. Jumatano saa nne walikuja watu kumi na mmoja na mbuzi wa mtu.

"Wako wapi wengine?" aliuliza.

Zamda alimtazama kwa huruma ya kweli. "Si mnadani, mdogo wangu? Leo mnada wa ng'ombe."

"Hukuniambia!"

"Nilidhani unajua. Kuna mtu asiyejua siku ya mnada?"

Kweli, hakuna, ukiondoa mtu wa Korogwe mjini ambako soko halina siku, ni kila siku. Salome alijitukana kimoyomoyo njia nzima. Mfanyabiashara mzima, ameshindana na mnada!

Mara ya pili akaweka Jumamosi, na akaja na akili za semina. Programu ilikuwa na fungu la soda kwa ajili ya "hamasa." Akazipanga kreti mlangoni, ukisaini unapewa ya kwako. Lo, watu walikuja! Wenye baiskeli, wenye vijiti vya kutembelea, mpaka bwana harusi wa juzi. Majina mia mbili na thelathini kwenye daftari. Salome alikuwa anarukaruka moyoni kama popkoni kwenye sufuria. Siku hiyo mshauri wa programu naye alikuwapo, Bwana Deogratius, mtu wa makamo mwenye miwani na viatu vilivyong'aa kupita kiasi cha vumbi la Handeni, kaja mwenyewe kuhesabu. Neno alilolipenda kuliko yote duniani lilikuwa "ushirikishwaji."

Kufungua mkutano, kusoma muhtasari, ajenda ya kwanza. Soda zikaisha. Watu nao. Hawakutoka kwa fujo, hapana, waliondoka kistaarabu, mmoja mmoja, chupa tupu wamezirudisha kwenye kreti kama watoto wema. Ilipofika kura Bwana Deogratius alisimama, akahesabu kwa kalamu.

"Sitini na mmoja."

"Daftari lina mia mbili na thelathini," Salome alisema.

"Daftari halipigi kura, Salome. Una Jumamosi moja imebaki, wiki ya kumi. Na fungu la soda limekwisha."

Jioni ile akampigia mama yake.

"Uliwapa mlangoni?" Mama Salome aliuliza.

"Mlangoni, mama."

"Kabla ya mkutano?"

"Kabla."

"Salome. Uliwapa viatu vyote viwili. Wewe nilikuzaa mimi, au nilibadilishiwa njiani?"

Mama akakata simu. Wala hakuwa amekasirika. Mteja alikuwa amesimama mbele yake.

Siku mbili Salome alizunguka Kwemtindi akitafuta kiatu cha kushika. Soda hana. Muziki hana. Hotuba anazo, lakini hotuba ni kama kiatu cha namba arobaini na saba, kila mtu anakishangaa, hakuna anayekichukua. Jumatatu alasiri akaenda kwa mwenyekiti kuomba saini kwenye tangazo. Akasikia mzee yuko ndani anaswali. Akasubiri barazani. Akainua macho. Msumarini pale, kimya, peke yake, kofia ya pama.

Kwa muda wa pumzi mbili tatu alikuwa mtumishi mtarajiwa wa umma, mwenye maadili. Kisha akawa Mnyamwezi.

Mzee Mhina alipotoka mkono ukaenda msumarini, ukapapasa ukuta, ukarudi mtupu. Salome alikuwa amesimama njiani hatua ishirini mbele, kofia imemfunika mpaka masikioni, anampungia.

"Mtani! Shikamoo mzee!"

"Rudisha!"

"Unakasirika, mzee?"

Majirani wawili walikuwa wameshachungulia, na mmoja alikuwa ameshaanza kujishika mbavu. "Nani kakasirika? Mimi? Taja fidia yako, mwizi wa mkonge."

"Fidia sitaji mimi. Kofia ni mali yangu sasa, naiuza. Kitongoji kitakachoinunua ndicho kitakachokutajia."

"Unaiuza kwa shilingi ngapi?"

"Pesa sitaki."

Jumatano akaenda mnadani, safari hii kwa makusudi, kofia mkononi. Akamtafuta Iddy, mnadi, mtu ambaye sauti yake ilikuwa inasikika Kabuku bila simu. Walielewana haraka, kama watu wa kazi moja wanavyoelewana. Katikati ya ng'ombe wawili Iddy akapanda juu ya boriti, akainua kofia kwa fimbo.

"Haya wagosi, haya wafugaji, haya akina mama! Hii hapa mnaifahamu, sina haja ya kuitaja mwenyewe! Imekamatwa na mtani, inauzwa Jumamosi hii, uwanja wa shule! Bei yake si shilingi! Bei yake vichwa! Kila kitongoji kinakaa pamoja, kitakacholeta watu wengi kinaichukua, na mwenyekiti ataikomboa kwa fidia mtakayoitaka nyie! Mnataka acheze ngoma? Acheze! Mnataka awalimie? Alime!"

Mnada ulisimama. Ng'ombe mmoja aliuzwa kwa makosa. Mzee mmoja wa Bomani, ambaye tangu zamani alikuwa na yake na mwenyekiti juu ya mpaka wa shamba, aliuliza mara tatu kama ni kweli fidia yoyote.

"Yoyote isiyovunja sheria," Salome alijibu. Utumishi wa umma ulikuwa umeanza kumwingia.

Jumamosi saa tatu uwanja ulikuwa umejaa, na saa nne hapakuwa na pa kuweka mguu. Bomani kushoto, Mabwawani katikati, Mlimani kulia, wanahesabiana kwa macho kama timu za mpira. Jamaa mmoja wa Mlimani aliondoka kwa pikipiki mbio akarudi na mama mkwe wake, bibi wa miaka themanini, aliyeshuka akapigiwa vigelegele kama bibi harusi. Mabwawani wakajibu kwa familia nzima ya wafugaji, shuka nyekundu na fimbo, wakaaji halali wa kitongoji ambao hakuna aliyewahi kuwaona mkutanoni. "Hao wameandikishwa lini?" Bomani wakapiga kelele. Zamda akafungua rejesta ya wakazi, akasoma majina yao moja moja, Mabwawani wakishangilia kila jina.

Mzee Mhina aliketi meza kuu, kichwani kofia ya kufuma tu, anaonekana mdogo kidogo, kama nyumba iliyoezuliwa. Pama ilikuwa mezani juu ya ndoo iliyofunikwa, kila mtu aione.

"Kofia kwanza!" mtu akapaza sauti.

"Kofia kwanza! Kofia kwanza!"

Bwana Deogratius akamwinamia Salome. "Hawa wamekuja kwa ajili ya kofia. Ukishawapa, wataondoka kama siku ya soda. Sitahesabu watu wa mnada, nitahesabu watu wa kura."

"Najua, mshauri," Salome alisema, akasimama. "Wazee wangu, mama zangu! Kofia imo kwenye ajenda. Ajenda ya tano. Mengineyo."

Uwanja ukaguna kwa pamoja.

"Basi tuanze na mengineyo!"

Zamda, bila kuinua kichwa kwenye daftari lake, akasema, "Utaratibu ni utaratibu, ndugu. Harusini unaanza na kuosha vyombo?"

Wakacheka, wakakaa. Kiatu kimoja kilikuwa mezani, wanakiona. Kingine kilikuwa ajenda ya tano.

Sasa, mahali pa kisima Bomani na Mabwawani walikuwa wamepagombania muda mrefu kiasi cha kuzoea. Kila upande ulikuwa na wasemaji wake, watu wa kuanzia enzi za mababu wakashuka polepole. Msemaji wa Bomani akasimama, akakohoa, akaanza, "Ndugu mwenyekiti, historia ya kijiji hiki..."

"Mgosi, kofia!" wakamzomea, na waliomzomea wa kwanza ni Bomani wenyewe.

Akakaa. Msemaji wa Mabwawani akasimama. "Mimi nitasema mambo saba..."

"Moja!"

"Mawili."

"Moja, mgosi, jua linachoma!"

"Basi moja. Kisima kisipelekwe Bomani."

"Na kisipelekwe Mabwawani," Bomani wakajibu.

Hapo ndipo miaka yote walipokuwa wanakwama, ila miaka yote walikuwa wanachukua saa tatu kufika. Leo walifika kwa dakika sita na bado wana nguvu. Yule bibi mama mkwe akainua fimbo yake. Akauliza, njia panda ya shuleni ni ya nani?

Si ya mtu. Bomani wanapita, Mabwawani wanapita, Mlimani wanateremkia hapo hapo. Fundi wa mradi, aliyekaa nyuma anakula mua, akathibitisha kwamba pale ni mojawapo ya sehemu tatu walizopima na maji yapo, iliandikwa kwenye taarifa. Mzee Mhina akauliza kama kuna mwenye neno. Aliyekuwa nalo alilimeza.

"Wanaokubali njia panda!"

Mikono ikaota uwanja mzima. Bwana Deogratius akapita safu kwa safu na kalamu yake. Akafika mwisho, akarudi mwanzo, akahesabu tena. Salome alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, sura ya kiofisi, na ndani yake kuna ngoma inapigwa na wehu watatu.

"Mia mbili sitini na mbili," Bwana Deogratius alisema. Akavua miwani. "Na wote wapo."

Salome hakupiga kelele. Alimwandikia Zamda namba ile kwenye kiganja kwa kalamu, kwa sababu karatasi ilikuwa mbali.

Ndipo mengineyo. Iddy akachukua uwanja. "Mlimani themanini na tatu! Bomani themanini na nane! Mabwawani tisini na mmoja! Tisini na mmoja mara ya kwanza! Bomani, hamna shangazi mmebakiza nyumbani? Mara ya pili! Tisini na mmoja... imekwenda! Mabwawani!"

Vumbi lilipanda. Mabwawani waliicheza ile kofia toka kichwa hadi kichwa, wakaingia kujadiliana, wakatoka na fidia. Siku kisima kitakapotoa maji, ndoo ya kwanza aibebe mwenyekiti mwenyewe, kichwani, toka njia panda mpaka Mabwawani, ndipo pama itakaporudi pale ilipokaa ndoo.

Mzee Mhina akasimama. Kila mtu akatafuta kofia aisome hali yake, kofia haipo. "Ndoo ndogo," alisema.

"Ya lita ishirini!"

"Kumi, na ngata ya kuwekea kichwani."

"Ngata utapata. Ishirini."

"Kumi na tano, na msinicheke njiani."

"Kumi na tano, na tutakucheka."

Akafikiri. "Haya. Lakini ngata ya nguo mpya."

Yule mzee wa Bomani mwenye kesi ya mpaka alicheka hadi akabebwa pembeni akapewa maji, na waliombeba ni Mabwawani.

Baadaye, ofisini, Bwana Deogratius alijaza fomu. Akafika mahali palipoandikwa "Mbinu iliyotumika," kalamu ikasita. "Hapa naandika nini? Siwezi kuandika wizi wa kofia."

Salome alimjua mteja wake. "Andika ushirikishwaji wa jamii."

Uso wa Bwana Deogratius ukanawiri. Akaandika kwa herufi kubwa.

Barua ilikuja baada ya mwezi, Salome akaisoma njiani akirudi Kwemtindi kuona maji yakitoka. Amefaulu. Kuna nafasi mbili za mwaka wa kujifunza kazi, ofisi ya mkoa Tanga au halmashauri ya Handeni. Achague moja, atie alama, arudishe. Alikuwa ameshachagua kwenye basi, hata kabla ya kufika Segera. Ofisi kubwa utabeba mafaili ya wenzako mwaka mzima. Ofisi ndogo yenye upungufu wa watu utafanya kila kitu, na mwaka ukiisha unajua kila kitu. Hesabu rahisi. Alama aliitia kwenye Handeni kwa wino, akaikunja barua, akaiweka mezani kwa Zamda, akageuka kunywa maji.

Alipogeuka tena barua haipo. Mlangoni amesimama Mzee Mhina, pama kisogoni, shingo bado inamuuma kwa ndoo ya juzi, barua ameikunja zaidi ameitia kwenye utepe wa kofia.

"Mtani," alisema, "shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo mzee. Barua yangu!"

"Unakasirika?"

Zamda alikuwa ameshainamisha kichwa mezani, mabega yanatikisika.

"Taja fidia, mzee," Salome alisema.

"Nimesikia kuna Tanga na kuna Handeni. Fidia ni hii: uchague Handeni, utukalie hapa, kisima hiki kinahitaji kamati na kamati inahitaji mtu wa kuisumbua."

Barua ilikuwa imekunjwa mara nne. Hakuwa ameifungua. Salome alivuta pumzi ndefu, akatazama dari, akakunja mdomo sawasawa na mama yake.

"Handeni ni mbali, mzee. Na mimi nimezoea mjini."

"Utapata chumba."

"Chenye dari?"

"Chenye dari."

"Na mlango unaofungwa kwa ndani. Na kuni mpaka nipate jiko la gesi."

"Kuni utapata. Gesi kaombe Tabora."

"Na kuku mmoja wa kufungulia nyumba."

Mzee Mhina akaivuta kofia mbele kidogo, akairudisha nyuma, akaangalia uani ambako kuku wake walikuwa wanaparura bila habari. "Jogoo," alisema, "si mtetea."

"Nakubali," Salome akasema, akanyoosha mkono. Barua ilipofika kiganjani aliitia mfukoni bila kuikunjua, akatoka naye moja kwa moja kwenda kumkamata huyo jogoo, kabla mtu hajaisoma.